Walipaka Rangi Mbele Tu

12 Januari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mkwe wangu hajambo na hilo tumbo lake? Mwambie asibebe ndoo, na wewe ukimwona amebeba ndoo ujue mvivu ni nani humo ndani. Sisi hatujambo, tunasukuma siku. Mzee wangu anakusalimu. Mkono wake wa kulia bado haujarudi tangu ugonjwa ule umpige, lakini mguu umeanza kumtii. Anatoka kitandani mwenyewe, anashika ukuta, anapita mlango wa jikoni mpaka bafuni, na akifika anakohoa kwa majivuno ili nisikie kuwa amefika. Juzi nilimfuma akinyoa ndevu kwa mkono wa kushoto, uso mzima povu. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Najua utauliza kwa nini sikupigii simu. Simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la unga na tangu hapo inafanya kazi upande mmoja, yaani mimi nasema na wewe husikii, jambo ambalo kwetu si geni. Ukitaka kunipata kwa haraka piga ya duka au ya jirani. Lakini mambo marefu yanataka barua. Hii nampa Breki, dereva wa lori la ghala kuu. Kila wiki anashusha bidhaa kwetu, kisha anazunguka matawi mengine, na popote kikosi chenu cha matengenezo kilipo atakukuta. Breki ni mwaminifu, tatizo lake ni mwendo tu, na jina hilo hakulipata bure.

Sasa neno lenyewe. Duka letu limeanza kutengenezwa. Unalijua, wewe uliyekuwa ukilala juu ya magunia ya unga ukinisubiri nimalize zamu. Dari linavuja juu ya rafu ya sabuni na tumetega beseni. Milango ya mbele inayojifungua yenyewe ilichoka zamani, tunaisukuma kwa bega. Troli zote zinavuta kushoto, wateja wamezoea, wanazishika kwa kuzipindisha tangu mlangoni. Na wateja wenyewe ni walewale, wazee wa mtaa wanaonunua mkate mmoja na kukaa saa nzima wakiulizia bei ya vitu ambavyo hawatanunua. Basi wiki iliyopita wamekuja wapaka rangi. Mbele kote kumekuwa kweupe, bango limesuguliwa mpaka herufi zote zinasomeka. Meneja amenunua tai mpya, anatembea amejaa pumzi.

Lakini siku hiyohiyo aliniita ofisini. Kampuni inafungua tawi jipya kule kwenye barabara kuu, jirani na stendi ya mabasi, na wananitaka nikawe mkuu wa mikate huko. Jibu wanalitaka kabla Machi haijaisha. Nikienda itabidi nihame na Mzee, maana kwenda na kurudi ni mbali mno. Nyumba zinazopangishwa kule ni za ghorofa, ngazi tupu. Daktari ameshasema kumhamisha Mzee sasa ni kumrudisha nyuma, maana hapa ameshajua kila ukuta. Nikibaki na duka likafungwa, nimekwisha. Kwa umri wangu huu nani ataniajiri, nikamwoneshe meno?

Wewe uko ndani ya kikosi. Mnajua duka lipi linatengenezwa ili liishi na lipi basi tena. Niambie nikae au niende. Sitaki maneno ya kunibembeleza, nataka la kufanyia kazi.

Shangazi yako,
mkuu wa mikate, na wa ukoo pia msipokuwepo


2 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nimechelewa, naomba radhi. Barua yako ilinikuta mapema lakini kazi imetubana. Mke wangu hajambo, anakusalimu, na ndoo sasa nabeba mimi, nabeba hata ambazo hazihitaji kubebwa. Kulala tunalala stoo juu ya maboksi ya biskuti. Mwenzangu mmoja anakoroma mpaka vioo vya kabati vinatetemeka, na asubuhi anakula kiapo kwamba hakupata usingizi.

Nimefurahi kusikia ya Mzee. Mwambie akishamaliza kujinyoa ajiandae kuninyoa na mimi. Mwambie pia wembe asiache bafuni, mguu wake unaweza kuteleza akaukanyaga. Mnamkanda bado jioni? Yale mafuta niliyoleta yanafaa, usiyaweke tu kwenye kabati kwa sababu chupa yake ni nzuri.

Hapa tulipo tunatoa mashine zote, hata nyaya za ukutani. Ni tawi la zamani kama lenu. Jana nilikuta nyuma ya kabati la maziwa kiatu cha mtoto, sijui kilikaa humo tangu lini. Nilikaa nacho kidogo, halafu nikakitupa.

Kuhusu lile uliloniuliza, Shangazi, mimi ni fundi wa friji tu. Nikiambiwa toa hiki natoa, nikiambiwa funga kile nafunga. Mambo ya duka lipi na lipi yanaamuliwa makao makuu na watu wanaokunywa chai kwenye vikombe vyenye visahani. Hilo tawi jipya nimelisikia. Wanasema oveni zake ni za kisasa, unabonyeza tu na mgongo unapumzika. Lakini wewe ndiye unayeijua hali ya Mzee, mimi siwezi kukupangia nikiwa mbali hivi.

Breki anapiga honi.

Mwanao


16 Februari

Mwanangu,

Hujambo na nyumba yako? Sisi salama. Mzee ameanza kufika mpaka kibarazani. Anakaa pale na kuwasalimia wapita njia wote, mpaka wale ambao zamani alikuwa hawapendi. Mafuta tunatumia, acha kunisimanga na chupa yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jibu, nikapata habari za visahani. Umezunguka mbuyu mpaka nimeona kizunguzungu mimi. Haya, nimekusamehe, kwa sababu jibu limekuja lenyewe.

Tumeletewa friza! Ndefu zile za vioo, pamoja na kabati la kusimama la maziwa. Zilishushwa asubuhi, wafanyakazi wote tukatoka nje kutazama utadhani bibi harusi anateremshwa. Si mpya kabisa, macho ninayo. Lakini zinagandisha. Moja mpini wake uliwahi kukatika, na fundi aliyeurekebisha amelikunja bati lake kwa ndani ili lisimkate mteja vidole. Nikawaambia wenzangu, huyu fundi bila shaka alilelewa na shangazi. Wameweka na vigae vipya, kutoka mlangoni mpaka kwenye rafu ya biskuti. Kuanzia biskuti kwenda ndani bado ni sakafu yetu ileile yenye mashimo, Meneja anasema vingine viko njiani. Dari bado linavuja.

Sasa niambie, nani anapeleka friza kwenye duka analotaka kulifunga? Mtu hamvishi maiti viatu.

Nikueleze na jingine. Si mimi peke yangu niliyeitwa ofisini. Bwana Bucha naye ameitwa, yule mnene anayeimba akikata mifupa, ulikuwa ukimwogopa udogoni. Na Keshia Mrefu pia, ambaye analea mapacha wake peke yake, baba yao aliingia mitini. Wote wawili wanangoja kuniona mimi nafanya nini. Kila asubuhi wananiuliza, "Mwanao anasemaje?" Nimewaambia mwanangu hajasema baya, na baya lingekuwepo angeniambia. Maziwa yangu hakunyonya, lakini mkate wangu amekula.

Kama nimekosea kusema hivyo, niambie upesi, Machi si mbali.

Shangazi yako


8 Machi

Shikamoo Shangazi,

Pokea habari njema kwanza. Mke wangu amejifungua salama, mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi na sauti ya kudai haki. Mama na mtoto wote wazima. Nilipewa ruhusa ya kwenda kumwona, nikambeba, nikarudi kazini nikiwa bado nanukia maziwa. Kikosini wamenipachika jina la Baba Nepi.

Hongera kwa Mzee kufika kibarazani. Bwana Bucha mpe salamu, mwambie bado namwogopa. Keshia Mrefu simkumbuki vizuri, lakini msalimie pia na mapacha wake.

Kazini si kuzuri sana. Yule mpaka rangi mwenye kofia, aliyekuja kwenu Januari, hatuko naye tena. Alikuwa tawi moja, akamnong'oneza keshia mmoja mambo ya kampuni, na kesho yake nusu ya wafanyakazi hawakutokea na bidhaa zikaondokea mlango wa nyuma. Msimamizi wetu alitukusanya. Alisema atakayefungua mdomo tena asijisumbue kuomba kazi kwa fundi yeyote anayemjua yeye, na yeye anawajua wote. Wakati anasema alikuwa ananitazama mimi, au labda ni moyo wangu tu. Nakueleza habari za kazini, usiwaze sana.

Kuhusu kukaa au kwenda, Shangazi, fuata moyo wako unavyokutuma. Wewe umetulea wote na sikumbuki siku uliyokosea njia.

Nilitaka kuandika zaidi lakini karatasi imeisha.

Mwanao


19 Machi

Shangazi,

Leo naruka salamu, nisamehe. Nenda tawi jipya. Ingia ofisini leo hii uliyoipata barua, waambie umekubali, na usitoke mpaka wameandika jina lako.

Duka lenu linafungwa. Limeshapangwa, ni kabla ya Juni. Rangi ilipakwa mbele tu kwa sababu mwenye jengo ana mnunuzi, na mnunuzi anataka kuliona safi kutoka barabarani. Vigae viliishia kwenye biskuti kwa sababu picha zilipigwa kutoka mlangoni na hapo ndipo zinapoishia. Vingine haviko njiani.

Zile friza nilizing'oa mimi, kule nilikokuandikia habari za visahani. Kikosi chetu kina utaratibu wake: friji iliyochoka haipelekwi duka linaloendelea, inapelekwa duka linalongoja kufungwa, isukume miezi iliyobaki, halafu vyote vinauzwa chuma chakavu kwa pamoja. Kwa hiyo sisi mafundi tukiona friji kuukuu zinapakiwa kwenda mahali, hatuulizi tena. Ule mpini niliufunga mimi. Uliposifia kazi yangu sikuweza kula siku hiyo.

Nimejua tangu barua yako ya kwanza. Niliogopa, Shangazi. Niliogopa kumwaga unga wakati mtoto ndiyo kwanza anakuja, na kila nikitaka kuandika namwona yule mpaka rangi anakusanya brashi zake. Kuhusu Mzee sijui niseme nini. Kumhamisha ni vibaya, lakini kumwacha bila chakula ni vibaya zaidi.

Mwambie Bwana Bucha, na Keshia Mrefu mwambie kabla ya wote. Ukimaliza kusoma, ichome.

Breki yuko hapa anapakia. Namkabidhi mkononi. Machi bado ina siku, atakuwahi.

Mwanao


30 Machi

Mwanangu, Baba Nepi,

Hongera, hongera tena. Ile barua yako ya mtoto nimeisoma kwa sauti dukani na Bwana Bucha akaimba kuanzia bucha mpaka stoo. Mzee anasema mtoto akija atambeba kwa mkono wa kushoto na asiogope mtu. Mpe mkwe wangu uji wa kutosha na usimpigie kelele akilala mchana.

Hii naituma kwa posta, maana Breki hajaonekana tangu alete hiyo ya mtoto. Meneja anasema ratiba ya ghala imebadilika, tuuze kwanza kilichopo. Rafu zimeanza kuwa na mapengo, tunasogeza vitu mbele ili pasionekane. Unga wangu nao unaelekea mwisho, napika asubuhi tu. Nadhani ni haya mambo ya matengenezo, vitu vinaharibika kidogo kabla havijakaa sawa.

Basi nikwambie, jambo limekwisha. Juzi nimemwandikia Meneja kwamba nabaki. Uliposema nifuate moyo wangu nikajua hakuna la kutisha huko mbele. Nilijisemea, huyu yuko jikoni anaona kila kinachopikwa, hawezi kunitazama natumbukia akanyamaza. Bwana Bucha na Keshia Mrefu walinisubiri nje ya ofisi, nilipotoka wakaingia wao, mmoja baada ya mwingine, wakaandika vilevile. Keshia Mrefu alinikumbatia. Alikuwa akiogopa kuwahamisha mapacha shule katikati ya mwaka.

Mzee nilipomwambia tunabaki alisimama akazunguka nyumba nzima, chumba kwa chumba, bila kushika ukuta. Mwanangu, nililia.

Andika upesi. Nataka kujua mtoto amefanana na nani, ingawa jibu nalijua.

Shangazi yako


4 Mei

Mwanangu,

Hamjambo? Mtoto hajambo? Sisi tupo.

Breki alikuja jana. Nilikuwa mlango wa nyuma, nikafurahi, nikaita watu waje kushusha unga. Akafungua lori, lilikuwa tupu. Sikuelewa mpaka vijana aliokuja nao walipopita katikati yetu wakaingia ndani na kuanza kutoa vitu kwenye rafu.

Halafu akanipa barua yako ya Machi. Ilikuwa kwenye kile kikinga jua juu ya kiti chake, imejikunja kwa joto. Siku ile alipotoka kwenu alifika ghala kuu akaambiwa asipite kwetu tena, duka letu limeondolewa kwenye mzunguko. Akaiweka akisema atanipa siku akija. Alipoona uso wangu alianza kuomba msamaha na hata hajui ameomba kwa lipi. Nilimwambia kosa si lake.

Niliisoma nikiwa nimekaa juu ya kreti. Mchana Meneja akatukusanya, akatusomea kile nilichokwisha kukisoma. Mwisho wa Mei. Na yeye kumbe hakuwa akijua, alifika katikati akampa Keshia Mrefu karatasi amalizie kusoma. Keshia Mrefu akasoma mpaka mwisho, na jina lake mwenyewe akalisoma. Kisha akanigeukia akasema, "Ulituambia mwanao angekuambia." Bwana Bucha haimbi. Anakata nyama kimya na wateja wanamuuliza kama anaumwa.

Leo alfajiri nimepanda basi mpaka tawi jipya. Ni kweli, oveni zao unabonyeza. Nafasi yangu imejazwa, za wenzangu pia. Binti wa mapokezi alinipa pole, akaanza kuandika jina langu ili niitwe ikitokea nafasi. Akaniuliza umri. Nilipomtajia aliendelea kuandika, lakini polepole, kwa heshima tu.

Sasa nikwambie lililo moyoni. Sikulaumu kwa kuogopa. Una mtoto mchanga, una mke, na huyo msimamizi wenu ana macho makali. Barua zako za mwanzo nazo nakusamehe, ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa na mimi nikakubali kupakwa. Nakulaumu kwa lori. Namba ya duka hili uliikariri kabla hujajua kuandika jina lako. Namba ya jirani unayo. Ungepiga ukasema "nenda" ukakata, ningekuelewa, nisingeuliza hata kwa nini. Lakini ungepiga simu ungenisikia sauti, na hukutaka kunisikia sauti. Ukachagua lori kwa sababu lori halimuulizi mtu kitu.

Na barua yangu ya posta ulipoipata, ukaona nimeandika kuwa nabaki, ukajua kabisa yako haijanifikia. Labda palikuwa bado na nafasi ya kwenda kuwapigia magoti. Aprili nzima ulinyamaza, na mimi Aprili nzima nilikuwa nakanda unga na kuwasimulia wateja habari za mtoto wako.

Nina hasira na wewe, mwanangu. Naiandika ili usije ukadhani yamekwisha.

Mzee sijamwambia.

Shangazi yako


20 Mei

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Mzee. Mtoto hajambo, ameanza kucheka, na akishika kidole haachii. Mke wangu anakusalimu. Yeye alikuwa ameniambia nipige simu tangu Februari. Tuligombana juu ya hilo.

Barua yako nimeisoma. Sina la kujitetea. Nilishika simu mara nyingi, nikafikisha mpaka namba ya mwisho. Nilikuwa najiambia kesho, na kesho nikawa najiambia kuwa sasa nimeshachelewa na haitasaidia kitu. Ndivyo Aprili ilivyoisha.

Bwana Bucha na Keshia Mrefu sijui niwaambie nini. Kama kuna neno unaloona linafaa, waambie limetoka kwangu.

Kuna jambo lazima nikueleze mapema, angalau hili. Kikosi chetu kimepangiwa duka lenu kuanzia wiki ya kwanza ya Juni. Nilimwomba Msimamizi anipeleke kwingine, akakataa. Friza ni zangu, na oveni pia nimepangiwa mimi, kwa sababu ni ya zamani na wenzangu hawajawahi kufungua ya aina hiyo. Itakatwa vipande hapohapo, mlangoni haipiti.

Nimesikia wafanyakazi wa zamani mtaitwa kwa zamu kusafisha na kufunga stoo baada ya duka kufungwa. Shangazi, sitaki uione ile oveni ikikatwa. Siku zangu naweza kuzipanga mwenyewe. Naomba uniambie siku gani una mapumziko, nije siku hiyo.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mkwe wangu hajambo? Mwambie nimesikia kuwa alikuambia upige simu, na namshukuru. Mtoto anayeshika kidole ana nguvu, huyo hamtamweza.

Mzee nilimwambia siku tulipofungwa. Alisikiliza, akauliza kama nimekula. Tangu siku hiyo hainuki. Nikimwambia asimame tuende kibarazani ananiuliza tunaenda kufanya nini huko, na mimi namuacha alale. Bwana Bucha amehamia kwa kaka yake, hakuniaga. Keshia Mrefu nakutana naye njiani asubuhi akipita na beseni la vitumbua kichwani kutafuta wanunuzi, saa ambayo mapacha walipaswa kuwa shuleni lakini wako nyuma yake. Namsalimia, anaitikia. Neno lako sikumpa. Kama lipo, ulete mwenyewe.

Hatukuitwa kusafisha. Wameleta vibarua wa kutwa. Siku ya mwisho nilipika mikate ya unga uliobaki, wazee wa mtaa wakaja wakanunua mmoja mmoja kama kawaida yao, na mmoja akaniuliza kesho tunafungua saa ngapi, kwa sababu kutoka barabarani duka linaonekana jipya.

Oveni usiivute kwa mbele. Mguu wa nyuma, upande wa ukutani, umekaa juu ya kipande cha tofali nilichokiweka mwenyewe. Ukivuta kwa mbele itakuangukia, na wewe una mtoto. Anzia kukata juu.

Umeniuliza nina mapumziko siku gani. Njoo siku yoyote, mwanangu. Nina mapumziko siku zote.

Shangazi yako